Chelezo kinakimbia na maji, kuyu nawaona chini, lakini sipati kitu

KijanaWaBwawani aliandika:

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada wa wanaovua mitoni kwa ndoana, si wa ziwani wala wa baharini.

Nimevua kwenye bwawa kwa miaka sita. Kule mambo ni ya utulivu: unarusha, chelezo kinasimama, unakaa kivulini, kikizama unavuta. Sasa nimepata mto. Ni mdogo, upana wake hatua saba au nane, na kuna mahali unavuka kwa kurukia mawe bila kulowa. Maji ni maangavu na yanakwenda mbio. Chini ni mawe na changarawe, na ukingo wa ng'ambo kuna miti imeinama mpaka matawi yanagusa maji. Samaki wapo, hilo nina hakika nalo. Asubuhi nikisimama juu ya mwamba nawaona kuyu wanageuza ubavu kule chini, wanamulika mara moja kama kipande cha kioo, halafu wanapotea.

Shida ni hii. Nikirusha, chelezo kinapita mbele yangu kama kinafukuzwa. Sijamaliza kuhesabu kumi kimeshafika kwenye mawe ya chini, inabidi nikivute nirushe tena. Nikiongeza chubwi ili chambo kishuke, ndoana inanasa. Jumamosi iliyopita peke yake nimepoteza ndoana 11 na vyelezo viwili. Nikipunguza chubwi, chambo kinaelea juujuu na hakuna anayekigusa isipokuwa visamaki vya urefu wa kidole.

Fimbo yangu ni ya mita 2.4, rili ya kawaida, mshipi wa kilo 5 (yaani unahimili kilo 5 kabla ya kukatika), ndoana namba 6, chambo nyungunyungu. Chelezo ni kile chembamba kirefu nilichokuwa natumia bwawani, kinachofungwa kwa chini tu.

Nakosea wapi? Au mto wa mbio hivi hauvuliki kwa chelezo?

Kasi_ya_Maji alijibu:

Mkuu, achana na chelezo kabisa. Tafuta chubwi bapa ya gramu 30, ya mviringo itakusumbua kwa sababu inaviringika. Rusha, iache ilale chini, simamisha fimbo, kaza mshipi kidogo, halafu tazama ncha ya fimbo. Kuyu akichukua utajua, hadonoi kama perege, anainamisha fimbo nzima. Nimevua hivyo mto wa mbio miaka yote na sijawahi kulilia chelezo. Mshipi wako wa kilo 5 unafaa, usiupunguze.

MamaChelezo alijibu:

Mwanangu, swali lako nimelisoma mara mbili, maana niliwahi kuwa nalo mimi mwenyewe. Jibu alinipa mjomba wangu, na hakunipa kwa maneno. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nina fimbo mpya, mikono inaniwasha kwa hamu ya kurusha, na kwa siku mbili nzima hakuniruhusu kugusa ndoana. Alinipa majani. "Tupa jani, hesabu."

Nilitupa jani katikati ya mto nikahesabu mpaka likafika kwenye kisiki, hatua kumi chini. Kumi. Nikatupa jingine karibu na ukingo. Kumi na sita. Siku ya pili akakanda unga, akatengeneza tonge dogo gumu lisiloyeyuka upesi, akalizamisha mahali ambapo maji yalikuwa ya goti na maangavu, akaniambia nitembee nalo sambamba nikilitazama linavyoburutika chini. Jani lililotupwa pamoja nalo lilifika kwenye kisiki nikiwa kwenye kumi. Tonge lilipofika nilikuwa nimepita ishirini. Ndipo akanena, na ndiyo sentensi niliyoishi nayo miaka thelathini na moja ya kuvua mto uleule: "Samaki anakaa kwenye ishirini, wewe unataka kumlisha kwenye kumi."

Hapo ndipo kosa lako lilipo, yote mengine ni matawi yake. Maji ya mto hayaendi kwa mwendo mmoja kutoka juu hadi chini. Kule chini yanasuguana na mawe, yanapunguza mwendo, na nyuma ya kila jiwe kubwa kuna kimfuko cha maji yaliyotulia. Wanaopima mito kwa kazi huweka kipimo chao kwenye kina cha asilimia 60 kutoka juu, kwa kuwa karibu na hapo ndipo unapopatikana mwendo wa wastani. Yaliyo chini ya hapo yanakwenda polepole kuliko wastani, yaliyo juu yanakwenda upesi kuliko wastani. Chelezo chako kinaelea kwenye yale ya upesi kabisa na kinaburuta chambo kwa nguvu kupita vichwani mwa samaki waliokaa kwenye yale ya polepole. Kuyu anaona nyungunyungu anakimbia kuliko kitu chochote alichowahi kuona kikikimbia pale chini. Kwa nini amfukuze?

Kwa hiyo kukizuia chelezo ndiyo kazi yenyewe ya mto wa mbio. Usikisimamishe kabisa, kizuie. Fungua rili, weka kidole cha shahada kwenye ukingo wa kigurudumu chenye mshipi, uutoe mshipi kwa kiasi unachotaka wewe na si kwa kiasi mto unachotaka. Kama jani lilitumia kumi, chelezo changu kinatumia kumi na tano mpaka ishirini kwenye umbali uleule. Ukifanya hivyo utaona kitu kizuri sana: chambo kinatangulia. Mshipi ulio majini unalala mshazari, ndoana iko mbele, chelezo kiko nyuma, na samaki anakutana na chambo kabla ya kitu kingine chochote. Mara kwa mara kizuie mpaka kisimame, hesabu mbili, kiachie. Chambo kinainuka kidogo kutoka chini kisha kinashuka tena. Mara nyingi ndipo anapochukua.

Chelezo chako cha bwawani hakiwezi kazi hiyo. Kimefungwa kwa chini tu, ukikizuia kinavutwa kikazama au kinalala ubavu, nawe unadhani umeliwa. Unataka kifupi chenye mabega mapana upande wa juu, kilichofungwa juu na chini kwa vipete vya mpira. Mimi nachonga vyangu kwa kizibo na kijiti. Kibebe uzito wa gramu 3 au 4, usiogope. Watu wanadhani mto mdogo unataka chelezo kidogo. Si hivyo, chelezo hufuata nguvu ya maji, hakijali upana wa mto.

Chubwi zako usizitawanye. Nyingi zikae pamoja kama shibiri mbili juu ya ndoana, na moja ndogo sana katikati ya hapo na ndoana. Fungu linashusha chambo upesi kupita maji ya juu, na ile ndogo inakiacha kicheze. Kama unanunua chubwi ndogondogo, usichukue za risasi. Uingereza walipiga marufuku nyingi kati ya hizo mwaka 1987 baada ya kuonekana kwamba swani walikuwa wanazimeza pamoja na changarawe na kufa kwa sumu. Ndege wa mto wowote humeza changarawe. Zipo za madini yasiyo na sumu, nunua hizo.

Kina kipime kwanza, usikisie kwa macho. Maji yanadanganya: ukitazama wima kutoka juu, shimo la mita moja linaonekana kama sentimita 75. Funga uzito kwenye ndoana, shusha, sogeza chelezo mpaka ncha yake tu ionekane. Hicho ndicho kina. Halafu, kwa kuwa utakuwa unazuia na mshipi utalala mshazari, ongeza shibiri moja. Ndiyo, ongeza. Najua unaogopa kunasa, lakini chelezo kinachozuiwa hakinasi kama kinachokimbia. Ndoana inayoburutwa kwa nguvu inajipigilia kwenye mwanya wa jiwe, na inayoshuka polepole inapita juu ya jiwe lilelile.

Itanasa, hata hivyo. Ikinasa usisimame ulipo ukavuta. Umesimama upande wa juu wa mto, kila ukivuta unaikaza zaidi pale ilipoingilia. Tembea chini, upite mahali iliponasa, kisha vuta taratibu kutoka chini. Nimeokoa ndoana nyingi kwa hatua kumi za miguu. Na ncha ya mwisho ya mshipi, ile ya kufunga ndoana, iwe nyembamba kuliko mshipi mkuu: mkuu kilo 2, ya ndoana kilo 1.5, urefu kama sentimita 40. Ikibidi ikatike, inakatika pale, chelezo kinarudi. Nailoni inayobaki kwenye matawi ifuate uitoe. Nimewahi kukuta ndege mdogo amening'inia kwenye mshipi wa mtu juu ya maji, mguu umekatika nusu, bado hai. Sitaki kulielezea zaidi.

Mshipi wa kilo 5 ni mnene, maji yanaushika. Nusu ya mbio unayoiona ni mshipi wako umelala juu ya maji, umefanya tumbo, na tumbo hilo linakokota chelezo. Ndiyo maana fimbo ya mita 2.4 ni fupi. Tafuta ya mita 3.6 au 4, uweze kuinua mshipi wote juu ya maji kutoka kwenye ncha mpaka kwenye chelezo. Ukiona tumbo limeanza, inua fimbo, ulaze mshipi upande wa juu wa mto kwa mzunguko mdogo wa mkono, bila kukigusa chelezo. Utakosea mara hamsini. Mara ya hamsini na moja mkono utaelewa wenyewe. Ndoana namba 6 nayo ni kubwa, nenda 12 au 14 (namba inavyopanda ndoana inapungua, usije ukachanganya dukani). Na kabla ya kukaza fundo lilowesha kwa mate. Nailoni kavu inayosuguana inapata joto, na fundo lililopata joto ndilo linalokuacha siku ya samaki mkubwa.

Sasa, urushe wapi. Wewe unarusha katikati kwa sababu katikati ndiko unakowaona. Wakimulika ubavu pale wanakuwa wanakwangua mawe kula, na ni dakika chache za asubuhi. Muda mwingi kuyu anataka mambo mawili kwa pamoja: chakula kinachopita na mahali asipopigana na maji. Tafuta mshono. Nauita hivyo kwa sababu unaonekana kama mshono wa nguo: mstari juu ya maji, upande mmoja yanakimbia na kukunjamana, upande wa pili yametulia kama mafuta. Samaki anakaa kwenye yaliyotulia, pua imeelekea yanayokimbia. Mshono unaanzia nyuma ya mwamba, kwenye kona, au pale kijito kinapoingia. Ile miti yako ya ng'ambo, ningeweka dau kwamba mshono mzuri kuliko yote uko nusu mita kabla ya matawi. Mkia wa shimo pia, pale maji ya kina yanapoanza kupanda kuelekea kwenye mawe, hasa jua linapozama.

Lisha kabla ya kuvua na lisha kila unaporusha, kidogo. Punje chache, funza watano, kipande cha nyungunyungu aliyekatwa. Kosa la watu ni kutupa pale wanapotaka samaki awe. Chakula hakishuki wima, kinasafiri. Nenda mahali penye maji maangavu yenye kina kama kile unachovua, tupa funza watano, tembea nao mpaka waguse chini, hesabu hatua. Hatua hizo ndizo utakazorudi nyuma, juu ya mto, kila unapolisha. Kwenye mto wangu ni hatua nne. Nilivua miaka miwili huku nikilisha samaki waliokuwa hatua nne chini ya ndoana yangu, nikinung'unika kwamba mto umeisha.

La mwisho, halafu nikapike: shuka kwenye huo mwamba. Samaki akitazama juu, kila kilicho nje ya maji anakiona kupitia duara moja lenye pembe ya nyuzi 97 hivi. Aliyesimama juu ya mwamba yuko katikati ya dirisha lake. Aliyechuchumaa nyuma ya majani marefu yuko kwenye ukingo wa dirisha, ambako vitu vinabanwa na kufifia. Na tembea kama unaingia chumba cha mtoto aliyelala. Jamii ya kuyu ina vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani, kwa hiyo kishindo cha kiatu juu ya changarawe kinamfikia vizuri. Unasema wakimulika mara moja wanapotea. Wamekuona.

Ukingoni alijibu:

Mama amemaliza. Naongeza la chambo tu. Geuza mawe mawili matatu kwenye maji ya kifundo cha mguu uone yaliyobandika chini yake. Utakuta vibuu, wengine wamejijengea vijumba vya kokoto na vijiti. Hicho ndicho kuyu anachokwangua anapomulika ubavu. Ukimtoa kibuu kwenye kijumba chake ukamvisha ndoana namba 14, hakuna chambo bora. Kisha rudisha jiwe kama lilivyokuwa, upande uleule chini, maana wengine wamebaki hapo.

Pia choma kijiti kwenye ukingo pale maji yanapoishia kila unapofika. Mto mdogo hupanda kwa mvua iliyonyesha mbali usiyoiona. Maji yakifika kwenye kijiti, au yakianza kuleta majani na vijiti vingi na kugeuka rangi, kusanya vitu uondoke upande uliopo, usivuke.

Kasi_ya_Maji alijibu:

Shikamoo mama. Nimesoma yote na nimejifunza kuhusu zile hatua nne, hilo sikuwa nalo. Lakini mambo mawili siyakubali.

Kwanza, chelezo hakiingii chini ya mizizi. Kuna mashimo chini ya ukingo ambamo kuyu wakubwa wanakaa mchana kutwa, na njia ya kuwafikia ni kulaza chambo mlangoni na kungoja. Saa moja jioni chelezo chenyewe hukioni, na hiyo ndiyo saa yao.

Pili, mshipi wa kilo 2 na ncha ya kilo 1.5 karibu na matawi ya miti ni kumwonea samaki. Atakimbilia mizizini, utakatika, ataondoka na ndoana mdomoni. Nimeshamvua kuyu mwenye ndoana mbili za watu wengine. Hakuwa mnene.

MamaChelezo alijibu:

Marahaba, Kasi. La pili umenisahihisha, na nimelikaa nalo jana yote. Mimi navua mahali pa wazi, changarawe tupu, na nilimshauri kijana kana kwamba mto wake ni wangu. Ameandika waziwazi kwamba ana miti iliyoinama. Kwa hiyo, mwanangu: karibu na matawi, mkuu kilo 3.5 na ncha kilo 3, au usirushe hapo. Chelezo kitakuwa kizito zaidi kukiongoza, vumilia.

La kwanza nakubali nusu. Jioni na maji ya tope, chubwi ya chini ina haki yake. Ila ukiitumia, usiifunge moja kwa moja kwenye mshipi mkuu. Ining'inize kwenye kipande kifupi cha mshipi dhaifu kuliko wote, ili mshipi ukikatika juu samaki aachane na gramu 30 zako. Kuyu anayeburuta chubwi kati ya mawe atanasa na kufia hapo. Mchana kwenye maji maangavu bado nasema chelezo, kwa sababu moja: chubwi inangoja samaki aje, chelezo kinampelekea. Kwa asubuhi moja nikiwa na chelezo najua urefu wote wa shimo, wapi kuna jiwe, wapi kina kinaongezeka ghafla, wapi wanakaa. Nikilaza chubwi najua mahali pamoja.

KijanaWaBwawani aliandika:

Shikamoo mama, na asanteni wote. Imepita wiki mbili, nimekwenda mara tano. Nawaletea taarifa.

Mara ya kwanza sikuchukua ndoana. Nilifanya majani. Katikati jani lilitumia tisa kwa hatua kumi. Kwenye mshono kabla ya matawi lilitumia kumi na nne. Sikujua kabisa kwamba mto mmoja, wenye upana ninaoweza kurusha jiwe kwa mkono wa kushoto, una mito miwili ndani yake.

Fimbo ndefu niliazima, ni ya mita 3.9. Mara ya pili nilikuwa hovyo: mshipi ulijisokota kwenye kidole, chelezo kikawa kinasimama na kuruka, nikanasa mara nne. Tatu kati ya hizo nilizitoa kwa kutembea chini, kama mlivyosema. Nilipoteza moja. Kutoka 11 mpaka moja!

Mara ya tatu, karibu na saa mbili asubuhi, nikazuia, nikahesabu mbili, nikaachia, na chelezo hakikuendelea. Kilibaki palepale kana kwamba kimefika. Nilidhani ni jiwe. Nikainua fimbo, na jiwe likaanza kupanda mto. Sijawahi kuhisi kitu kama kile bwawani. Hakuruka, hakutikisika, alikuwa ameegemea chini tu na anakwenda. Alikuwa wa dhahabu iliyokolea mgongoni, sharubu nne, urefu kutoka kwenye ncha za vidole vyangu mpaka kwenye kiwiko. Tangu hapo nimepata wengine watatu, wote kwenye mshono, wote wakati wa kuzuia, hakuna hata mmoja wakati kinakimbia. Mmoja alinikatikia kwenye mwamba na nililala vibaya usiku ule.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Huyo wa kwanza, nilipomtoa ndoana na kumrudisha, aligeuka tumbo juu. Nikamsukuma mbele na nyuma majini kama nilivyoona watu wakifanya, bado akawa analala ubavu. Mwishowe akaondoka polepole chini ya mwamba, sijui kama alipona. Nilipigana naye muda mrefu kwa sababu sikujua nifanye nini. Nifanyeje siku nyingine?

MamaChelezo alijibu:

Umeuliza jambo linalonigusa kuliko yote, mwanangu, na nimefurahi kuliko kwa wale kuyu wanne.

Samaki huyu hana akili ya kujihifadhi anapovutwa. Anapigana mpaka anaisha. Ndugu zake ni hivyohivyo, barbeli wa mito ya Ulaya na mahsiri wa mito ya Bara Hindi, wote wana sharubu nne na wote wanatumia nguvu mpaka ya mwisho. Anapofika mkononi amekwisha kabisa, na maji ya joto yanamwongezea shida kwa kuwa yana hewa kidogo: kwenye nyuzi 10 za Selsiasi lita moja hushika kama miligramu 11 za oksijeni, kwenye nyuzi 25 kama 8 tu. Kwa hiyo siku ya joto kali mimi huvua alfajiri tu, na maji yakiwa vuguvugu mkononi narudi nyumbani.

Usimsukume mbele na nyuma. Matamvua yake yameumbwa kupitisha maji kutoka mdomoni kwenda nyuma, ukimvuta nyuma unayageuza. Ingia kwenye maji ya magoti mahali mkondo ni wa kiasi, si mkali wala si wa kutuama. Lowesha mikono kwanza, ukavu unamtoa ute unaomkinga. Mshike kwa chini, mkono mmoja nyuma ya mapezi ya kifua, mwingine kwenye shina la mkia, kichwa kikitazama maji yanakotoka. Basi. Mto ndio utakaompumulisha. Utaona matamvua yanafunguka na kufunga, kwanza kwa kukwama, halafu kwa mpangilio. Atajaribu kuondoka, usimwache mara ya kwanza. Wala mara ya pili kama bado anainama ubavu. Ngoja mpaka akupige kwa mkia kwa nguvu kiasi cha kukurushia maji usoni. Mimi nimewahi kusimama na mmoja kwa dakika ishirini mpaka miguu ikafa ganzi.

Na umfupishie vita. Ukishamnasa usisimame palepale ukimvuta dhidi ya mkondo, hapo unapigana naye na mto kwa pamoja. Shuka ukingoni mpaka uwe sawa naye, au chini yake kidogo. Laza fimbo ubavu, umgeuze. Akiwa juu yako inabidi apigane na wewe na mto pia, na anachoka kwa nusu ya muda. Kile kijino cha nyuma ya ncha ya ndoana kibane kwa koleo kabla ya kuvua, atatoka kwa kugeuza kidole, wala huhitaji kumwinua nje ya maji. Usiingize kidole mbali kooni. Mdomoni hana meno, lakini kooni anayo, ndiyo anayosagia konokono.

Huyo wako aliyeondoka polepole chini ya mwamba, kwa kuwa alijishika mwenyewe wima mwishoni, nadhani alipona. Kesho ukienda, kabla hujafunga ndoana, lala kifudifudi juu ya ule mwamba utazame nyuma yake kwenye maji yaliyotulia.

Na lile tonge la unga, ulishalijaribu? Majani umenitajia, tonge hukunitajia.

KijanaWaBwawani aliandika:

Nimejaribu leo asubuhi, mama. Kwenye mshono, hatua kumi: ishirini na saba.

Nyuma ya mwamba kulikuwa na kuyu wawili. Mmoja ana alama ndogo nyeupe pembeni mwa mdomo. Sikuvua.